Nafasi Wazi ni Kosa

Siku mliyoniaga mlinipa keki, doti mbili za khanga na saa ya ukutani. Saa ya ukutani kwa mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Nimeitundika jikoni, inanikumbusha kwamba chai imechelewa. Kisha mmoja wenu akasema, "Sista Ndeshi, tuandikie basi hayo mambo ya kazini, sisi wakunga wadogo tujifunze." Nikacheka, nikakubali. Nimeanza mara tatu nikachana karatasi, kwa sababu kila mara nilijikuta naandika yale ya kufurahisha tu. Safari hii naandika na yale mengine. Vyeo sitavitaja. Mnavijua, na vingine sikustahili.

Nilianzia kwenye kituo cha afya kilichokuwa nyuma ya maduka ya jumla ya Kariakoo. Nilitoka chuoni moja kwa moja, binti wa Machame niliyepokelewa na mjomba mwenye duka la vyombo, na sijawahi kuona watu wengi namna ile mahali padogo namna ile. Siku ya kwanza nilimkuta mjamzito amesimama mtaani, anapumua kwa nguvu, hawezi kupita kwa sababu mkokoteni wa marobota ya vitenge ulikuwa umeziba geti. Wapagazi walimtazama, wakautazama mkokoteni, wakaanza kubishana nani aliyeuweka pale. Nilimshika mkono tukapita kwa ubavu. Ndivyo nilivyoingia kazini, kwa ubavu.

Mkuu wa leba alikuwa Bi Sauda, mtu wa mtaa wa Gerezani, mfupi, sauti yake ya chini mpaka ulazimike kumsogelea. Nilikuwa nimevaa viatu vyeupe vipya.

"Shikamoo, Bi Sauda."

"Marahaba. Umekuja kufanya kazi au umekuja kuvaa viatu?"

Nikasema nimekuja kufanya kazi.

"Basi vua. Chukua ndala zile pale."

Vitanda vilikuwa vinne, na kulikuwa na pembe moja ya mbao ya kusikilizia moyo wa mtoto, mizani, na saa ya kifuani ambayo kila mkunga alijinunulia mwenyewe. Bi Sauda hakuwa mtu wa kuandika. Alikuwa na kipande cha ubao miguuni pa kila kitanda, akiweka alama kwa chaki anayojua mwenyewe maana yake. Lakini alichokijua mikononi sijakiona kwa mtu mwingine. Kila robo saa baada ya mama kujifungua, alikwenda, akafunua khanga, akatazama damu, akaweka mkono chini ya kitovu. Alinishika mkono akaupeleka kwenye paji langu la uso. "Mji wa mimba uliokaza ni mgumu hivi." Kisha kwenye shavu. "Ukiukuta hivi, huna muda wa kwenda kunywa chai."

Jambo jingine alilonifundisha ni kutomuuliza mama kama yuko sawa. "Mtu aliyetoka kuzaa atakwambia yuko sawa hata kama anakufa," alisema. "Anaona aibu kukusumbua. Wewe funua utazame."

Mwezi wa pili nilimpata mama wa kwanza kutokwa damu mikononi mwangu. Nilipofunua khanga nilisahau kila kitu nilichofundishwa chuoni, nikabaki nimesimama. Bi Sauda alinisukuma pembeni, akapanda kitandani akapiga magoti, akaubana ule mji kwa mikono miwili, mmoja ndani, mmoja juu ya tumbo, huku akiniamrisha sindano, dripu, dawa. Gari la wagonjwa liliitwa. Mnajua jinsi gari la wagonjwa linavyopita Kariakoo saa tano asubuhi. Halipiti. Bi Sauda alikaa vile vile, hakuachia, mpaka lilipofika, na akaingia nalo garini akiwa bado amebana. Yule mama alipona. Bi Sauda aliporudi alisema tu kwamba mikono imekufa ganzi, akaniomba nimshikie kikombe cha chai anywe.

Nilikaa leba miaka mingi. Baadaye nikahamishiwa kwenye timu ya wilaya ya ubora wa huduma, kazi yangu ikiwa kuzunguka vituo, kupima ukunga unavyofanyika na kusaidia uboreke. Naomba msije mkadhani kazi ile ilikuwa ya upuuzi. Tulikuta akina mama wanazabwa vibao kitandani. Tulikuta mkunga anaosha glovu anazianika. Na tulikuta fomu tupu. Mama anapelekwa hospitali ya rufaa na karatasi haina kitu, daktari anayempokea hajui alianza kutoka damu saa ngapi wala amechomwa sindano gani. Watu walikufa kwa karatasi tupu, hilo nililiona kwa macho.

Kwa hiyo tulitengeneza dodoso. Tungependa kukaa leba kutwa nzima tukaangalia mikono ya wakunga, lakini vituo vilikuwa vingi na gari letu lilikuwa moja, tena bovu. Kupima mkono chini ya khanga ni kazi ya siku nzima. Kupima karatasi ni dakika tano. Tukapima karatasi. Fomu ya uangalizi baada ya kujifungua ina safu nane, moja kwa kila robo saa ya zile saa mbili za kwanza, ambazo ndizo zinazoua. Kila safu ina presha, mapigo ya moyo, damu na hali ya mji. Safu zote zikijazwa, kituo kinapata alama. Ikibaki hata moja wazi, hakipati. Mimi ndiye niliyetunga yale maneno mliyoyaona yamebandikwa kwenye kuta za leba: NAFASI WAZI NI KOSA. Niliyachapisha kwa herufi kubwa, nikayagawa mwenyewe, nikayaonea fahari.

Nilifika na dodoso langu mpaka kwa Bi Sauda, mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu. Fomu zake zilikuwa na safu mbili tatu zilizojazwa, nyingine nyeupe. Nilimpa alama mbovu kuliko kituo chochote.

Aliitazama ile karatasi. "Ndeshi, mwanangu, hao akina mama wamekufa?"

"Hapana, Bi Sauda."

"Basi mimi ni mbovu wa kuandika." Akaweka sahihi.

Niliona haya, lakini pia alinikera. Chini ya maoni niliandika kwamba mkuu wa leba anahitaji mafunzo.

Kituo kilichopanda kuliko vyote kilikuwa kimoja upande wa Mchikichini, karibu na soko la mitumba. Kilianza mkiani, na kwa muda mfupi fomu zake zikawa hazina nafasi wazi hata moja. Nilileta wakunga wa vituo vingine waje wajifunze pale. Mkunga aliyesifiwa sana alikuwa Anitha, binti mwembamba, mwandiko mzuri, ambaye kila nikija alikuwa ameshapanga mafaili mezani. Nilimpenda kwa sababu alinifanya nionekane najua kazi yangu. Kwamba fomu za kituo chenye wakunga wawili kwa zamu zisingeweza kuwa safi namna ile, hilo mkunga yeyote aliyewahi kukaa leba angeliona. Mimi nilikaa leba, na sikuliona, au sikutaka kuliona.

Hapo ndipo alipokuja Rehema. Alikuwa akiuza viatu vya mtumba Mchikichini pamoja na mume wake, Hamisi, na ile ilikuwa mimba yao ya kwanza. Alijifungua mtoto wa kike saa sita u nusu mchana, mzima, analia vizuri. Siku ile mkunga aliyekuwa zamu pamoja na Anitha alikuwa amemsindikiza mgonjwa hospitali ya rufaa, kwa hiyo Anitha alikuwa peke yake. Saa nane kasoro dakika kumi, mfanya usafi aliyekuwa anapiga deki alikuta damu sakafuni chini ya kitanda cha Rehema. Ilikuwa imepita kwenye khanga na kwenye godoro. Anitha alikimbia, akabana, akachoma sindano, akafanya yote. Saa nane kamili Rehema alifariki.

Kila kifo cha mzazi kina kikao cha mapitio, na kwenye kikao kile mimi ndiye niliyepangiwa kusoma faili. Asubuhi ile nilifika mapema nikalifungua peke yangu. Fomu ilikuwa imejaa, safu zote nane, kwa wino mmoja na mwandiko ule mzuri. Saa nane kasoro robo: mapigo themanini, mji umekaza. Saa nane: mapigo themanini na mbili, mji umekaza. Saa nane na robo: mapigo themanini, damu ya kawaida. Saa nane u nusu, hivyo hivyo.

Niliisoma mara mbili. Kisha nikamwita Anitha kwenye stoo ya dawa, nikafunga mlango.

"Anitha, Rehema alifariki saa ngapi?"

"Saa nane kamili, Sista."

"Saa nane u nusu umeandika mapigo themanini."

Macho yalikuwa yamemvimba, nadhani alikuwa hajalala tangu siku ile.

"Nilijaza zote alipomaliza tu kujifungua," alisema. "Nilikuwa na wengine wawili, mmoja kichwa kinaonekana. Nikajua sitapata muda wa kurudi kwenye fomu. Wote tunafanya hivyo, Sista. Tunajaza mapema ili mtu asisahau. Wewe ulisema nafasi wazi ni kosa."

"Ulimfunua?"

"Nilimuuliza nikiwa mlangoni. Mara mbili. Akasema yuko sawa."

Nilikaa juu ya boksi la dripu.

"Nitasema," alisema Anitha. "Nitasema kwenye kikao."

"Ukisema, leseni yako imekwenda. Nyamaza. Nitasoma mimi."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mama anayemkinga mwanawe, na kwa dakika chache niliamini hivyo. Sasa siamini. Ukutani mwa leba ile kulikuwa na maneno yangu, na mimi ndiye niliyewaleta wakunga wengine waje kuiga. Nilikuwa najikinga mwenyewe.

Kikao kilikuwa na watu sita, kila mtu ana kazi yake inamsubiri. Nilisoma umri wake, mahudhurio ya kliniki, uchungu ulianza lini, alifika saa ngapi. Nikafika kwenye ile fomu. Nikasoma mpaka saa saba u nusu, nikasema, "Na kuendelea," nikafunga faili. Hakuna aliyeomba kuiona. Fomu imejaa, ya nini kuiangalia? Mganga mfawidhi akahitimisha kwamba mama alikaa na uchungu nyumbani usiku kucha na asubuhi yote, mji ukachoka, damu ikatoka ghafla, na kwamba wahudumu walifanya kila lililowezekana. Chanzo kikaandikwa kwamba ni ucheleweshaji wa nyumbani. Na mimi nikapewa jukumu la kupeleka majibu kwa familia.

Bi Mwajuma, mama yake Rehema, anaishi Kariakoo kwenye nyumba ya zamani ya urithi iliyobanwa na maghorofa pande zote mbili, jua haliingii uani hata saa sita. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka wa msiba, mtoto amelala mapajani mwake. Hamisi alikuwa amesimama mlangoni.

"Sista, mimi nauliza kitu kimoja tu," alisema Hamisi. "Alikuwa anaangaliwa?"

Nikamjibu, "Fomu inaonyesha aliangaliwa kila robo saa."

Hayo ndiyo maneno niliyoyasema, sikuongeza wala kupunguza. Halafu nikasema kikao kimeona kwamba alichelewa kuletwa.

Bi Mwajuma aliinua uso. "Tulimleta jana yake, mkaturudisha. Mkasema njia bado haijafunguka, msituletee mtu mapema mnatujazia wodi. Ndiyo maana asubuhi nikamwambia avumilie kidogo, anywe uji kwanza."

Hamisi alikuwa ameshamgeukia mkwe wake.

"Mama, si nilisema tumpeleke alfajiri? Si nilisema?"

Bi Mwajuma alijifunika uso kwa ushungi wake, na mimi nikaaga.

Baada ya arobaini Hamisi alimchukua mtoto, akahamia Dodoma kwa dada yake. Nilisikia kwa Anitha. Yeye mwenyewe aliacha kazi mwaka uleule, sasa anauza vitambaa kwenye duka la shangazi yake. Leseni niliyomwokolea iko kabatini kwake, aliniambia, chini ya mashuka.

Nilichofanya baada ya hapo mnakijua, maana wengi wenu mlilalamika. Nilizunguka kituo kwa kituo nikibandua yale maneno ukutani, nikidanganya kwamba yamepitwa na wakati. Nilibadilisha dodoso. Nikaanza kwenda bila taarifa, na kabla ya kugusa faili niliwafuata akina mama vitandani nikawauliza: tangu umejifungua, nani amekushika tumbo? Mara ngapi? Alama za vituo karibu vyote zikaporomoka, na mkubwa wangu akaniuliza kwa nini huduma zimeharibika mara moja namna hii. Nikamwambia hazijaharibika, ndivyo zilivyokuwa. Kama kuna kitu cha kuchukua kwenye barua hii, chukueni hicho, muulizeni mama nani amemshika. Na ukikosa muda wa kuandika, acha nafasi wazi ikae wazi, ijulikane kwamba mlikuwa wawili na wagonjwa walikuwa wengi. Safu tupu ingetufikisha kwenye ukweli wa Rehema siku ileile.

Lakini hayo yote niliyafanya bila kusema kwa nini. Miaka mitatu nilipita karibu na mtaa wa Bi Mwajuma nikienda kununua mchele, nikizungukia upande wa pili. Nilijiambia nitakwenda wiki ijayo. Ukweli ni kwamba niliogopa, na nikasubiri nistaafu ili nisiwe na cha kupoteza. Sijivunii hilo.

Wiki ya pili baada ya keki yenu, nilikwenda. Ilikuwa mchana, baada ya sala ya adhuhuri. Bi Mwajuma alikuwa peke yake uani, anachambua mchele kwenye ungo. Alikuwa amepungua sana.

"Hodi."

"Karibu." Akanitazama. "Wewe ni sista wa ile siku."

"Ndiye mimi."

Nilimweleza kuanzia mwanzo. Aliendelea kuchambua mchele, akitupa punje mbovu pembeni, mpaka nilipofika kwenye fomu iliyojazwa kabla. Hapo mikono ikasimama.

"Kwa hiyo hakuna aliyemfunua."

"Hakuna."

"Na wewe ulijua siku uliyokuja hapa."

"Nilijua, mama."

"Na kule kumchelewesha?"

"Hukumchelewesha. Alifika mzima, akajifungua salama. Angefunuliwa angekuwa hai."

Alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi, na mimi nikasubiri anitukane. Ningeshukuru angenitukana. Alisema tu, "Miaka mitatu najua nimemuua mwanangu kwa kikombe cha uji." Nikaanza kulia. Alinitazama nalia, hakunibembeleza, na hakuwa na sababu ya kunibembeleza.

Baadaye akaweka ungo chini. "Hamisi hapokei simu yangu. Tangu aondoke hajapokea hata mara moja. Yako atapokea, haijui. Mpigie. Umwambie kama ulivyoniambia mimi, usiruke kitu."

Alinitajia namba kwa kichwa. Niliweka sauti ya nje, nikaiweka simu kati yetu. Hamisi alipokea. Nikajitambulisha, nikamweleza yote: fomu, kikao, saa saba u nusu na kuendelea. Mara mbili nilidhani simu imekatika, lakini nilikuwa nasikia, huko aliko, mtoto mdogo anaimba imba peke yake.

Nilipomaliza akasema, "Sista, sasa unataka nifanyeje? Mtoto tumeshamwambia bibi yake alifariki. Siku moja na mama yake. Tukamwambia wamezikwa pamoja."

Bi Mwajuma alikuwa amesikia kila neno. Alijifuta mikono kwa khanga, akainama juu ya ile simu.

"Hamisi," alisema. "Mwambie nimerudi."

Hakujibu. Hakukata simu pia. Tulikaa hivyo, mimi na Bi Mwajuma, tukimsikiliza mtoto anaimba, mpaka salio langu likaisha.